Glasi Themanini na Sita

Osmunda alipanda kutoka Lwangu na ndoo kichwani, na ndani ya ndoo mlikuwa na shina moja la kiazi mviringo, na mizizi yake na udongo wake. Kutoka Lwangu hadi Itunda ni mlima mtupu, saa nzima ya kuhema, na mwanamke wa miaka hamsini na tatu hapandi mlima ule na shina moja la kiazi kama hana jambo. Mdogo wake, Twilumba, alimkuta mlangoni mwa kitalu. Wakaamkiana kamwene, kamwene, wakaulizana watoto, wakaulizana mvua, kisha Osmunda akatua ndoo.

"Kimelala tangu juzi," alisema. "Nimekimwagilia, hakiamki. Wewe ndiye unayejua haya mambo, nitazamie."

Twilumba aliitwa Fundi Mbegu na kijiji kizima, na cheo hicho hakukiokota njiani. Alinawa mikono kwa maziwa kama desturi ya kila mtu agusaye nyanya pale Itunda, maana mkono uliotoka kushika tumbaku unaweza kuugulisha tuta zima na maziwa huuzuia ugonjwa ule usihame. Akachukua kisu, akakata kipande cha shina la kiazi, urefu wa kidole. Akajaza glasi maji safi, akakining'iniza kile kipande kwa uzi ili ncha yake iguse maji tu, akamwambia dada yake asitikise meza.

Waliikodolea macho glasi. Kisha kutoka kwenye ncha ya shina ukaanza kushuka uzi mweupe, mwembamba, ukinyooka hadi chini ya glasi kama moshi uliogeuzwa kichwa chini miguu juu. Ukafuata mwingine. Baada ya dakika tano maji yote yalikuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele.

Hakuna mkulima asiyeujua uzi ule. Ni vijidudu vya mnyauko, mamilioni kwa mamilioni, vinavyoziba mishipa ya mmea mpaka unakufa kwa kiu huku miguu yake imo majini. Ndio uliomaliza nyanya za dunia miaka ishirini iliyopita. Ndio uliosababisha Jicho lirushwe angani.

Osmunda aliketi kwenye kigoda. Hakulia. Aliuliza tu ugonjwa umetoka wapi, maana Lwangu haijapata mnyauko tangu wazaliwe, na mbegu zao za viazi wanazitunza wenyewe, na jembe lao haliazimwi. Kilichokuwa kimelala ni viazi vya pembeni tu, vile vinavyokunywa maji ya mfereji kwanza.

Twilumba alitazama nje. Mfereji ulipita nyuma ya kitalu chake, ukakunja kwenye jiwe, ukateremka Lwangu. Juu ya kitalu hapakuwa na shamba wala nyumba ya mtu. Palikuwa na chemchemi na mawe, basi.

"Nipe siku mbili, dada," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa jinsi ilivyotulia.

Osmunda akasema hana haraka, Jumamosi atapanda tena na watu wa Lwangu kuja kwenye mgowe. Itunda wakiwa na kazi kubwa Lwangu hupanda kulima nao, na Lwangu wakiwa na kazi Itunda hushuka, na malipo ya mgowe ni togwa na kushukuriana. Akabeba ndoo yake tupu, akateremka.

*

Sasa msikilizaji aelewe mambo yalivyokuwa, asije akamwona Twilumba mwoga au mjinga.

Jicho lilipita juu ya Itunda kila baada ya siku tisini. Halikuwa na chuki na mtu. Lilisoma rangi ya majani, likatuma taarifa Idara ya Ardhi Hai, na shamba lililokuwa na manjano ya mnyauko lilichomwa na ndege zisizo na rubani kabla ya jua kuzama. Ardhi iliyokosa kijani cha zao lake misimu mitatu mfululizo iliandikwa ardhi mfu. Ikiandikwa hivyo, watu wake walipakiwa kwenye magari na kupewa chumba mjini, ghorofa ya ishirini na ngapi huko, na hakuna aliyewahi kurudi. Itunda iliandikishwa ardhi ya nyanya tangu enzi za babu zao. Ilikuwa imekwisha kuchomwa misimu miwili, na zilibaki siku arobaini Jicho lipite.

Ndipo mbegu ya Twilumba ilipokuwa tumaini la kaya themanini na sita.

Mbegu yenyewe ilikuwa chotara, na chotara inataka wazazi wawili wa koo mbali. Kitaluni alikuwa na mistari miwili. Mstari wa kushoto ulikuwa wa mama, nyanya ya marehemu baba yake, Mzee Kikoti, tunda kubwa lenye nyama. Mstari wa kulia ulikuwa wa baba, nyanya ya porini yenye tunda dogo kama punje ya njugu, ngumu kama deni. Mashina arobaini na matatu kila upande, na kila shina na namba yake. Kila asubuhi alifungua ua la mama kabla halijafunguka lenyewe, akang'oa vikonyo vya chavua kwa kibanio kimoja baada ya kingine, akapaka chavua ya baba, akafunga uzi mwekundu ili ajue lile limeolewa. Miche aliiingiza kwenye sanduku la misimu, mashine iliyokopwa chuoni, yenye taa zisizozimika na joto lisilopungua, iliyoweza kuupitisha mmea maisha yake yote kwa siku kumi na tisa. Miaka mitatu alifanya hivyo. Alijaribu chotara wake kwenye udongo mbovu kuliko wote, ule uliochomwa mara mbili, na chotara akasimama akazaa. Watu walilia walipomwona. Mwenyekiti Lulandala alivua kofia.

Na jinsi ya kuchagua wazazi alifundishwa na baba yake. Mzee Kikoti alipanda nyanya zake palipokufa nyingine, akangoja. Iliyolala aliing'oa. Iliyosimama aliichukulia mbegu. Miaka arobaini hakubadili, na aliweka mwiko mmoja tu katika nyumba yake: aliyesimama hakatwi. Kisu kilikuwa cha wagonjwa. Shina lenye afya ukilikata unalifungulia mlango wa maradhi, alisema, na watoto wake wakaamini, na kijiji kikaamini, maana kila walipotazama waliona kweli iliyosimama imesimama.

Kwa hiyo hakuna mtu Itunda aliyewahi kutia shina lenye afya kwenye glasi.

Mchana ule Twilumba alisimama mbele ya shina namba moja, mama wa mama wote, aliyeitwa Simama. Majani yake yalikuwa meusi kwa ukijani. Lilikuwa na vichala saba. Alilishika kwa mkono wa kushoto na kisu kwa mkono wa kulia, na alijisikia kama mwizi nyumbani kwao. Alimwomba baba yake radhi kwa sauti. Kisha akakata tawi la chini, akalining'iniza kwenye glasi, akakaa.

Alisema moyoni kwamba ikifika dakika kumi na maji ni safi atapika wali Jumamosi, atawalisha wote.

Haikufika dakika mbili. Uzi ulishuka mweupe, mnene kuliko wa kiazi.

Alikata la shina la pili. La tano. La ishirini, na la thelathini upande wa baba. Nyanya zote ni hivyo hivyo. Zilikuwa zimejaa ugonjwa toka mizizi hadi kikonyo cha ua, na zote zilikuwa na raha zao. Hapo akaelewa alichofanya, na alichofanya baba yake kabla yake. Walitafuta mmea unaoushinda mnyauko, na wakapata mmea unaoishi nao nyumba moja bila kugombana. Haukuuua ugonjwa. Uliulea, ukaulisha, ukautema majini kupitia mizizi, na maji yakaupeleka kwa viazi vya Osmunda ambavyo havikujua kuishi nao. Na yeye aliunganisha walezi wawili, akapata mlezi hodari kuliko wote, akamweka kwenye pakiti themanini na sita za mbegu, moja kwa kila kaya.

Twilumba alilia, na alilia kwa hasira. Miaka arobaini ya baba yake, mitatu yake, jamani, na kumbe glasi moja ya maji ingetosha siku ya kwanza.

*

Mwenyekiti Melkiori Lulandala alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri liandikwe hilo. Alikuwa mtu wa miaka sitini na miwili aliyekwisha kwenda mjini kuwazika watatu kati ya wale waliohamishiwa mjini kutoka kijiji cha jirani, na wote walikufa kwa kukaa tu. Alitazama ile glasi nyeupe aliyoletewa, akaisogeza upande wa pili wa meza.

Aliuliza kama mmea utanyauka shambani. Hautanyauka. Aliuliza kama Jicho litauona mgonjwa. Halitauona, Jicho linasoma rangi ya jani na jani litakuwa kijani kibichi. Aliuliza kama nyanya yenyewe ina madhara kwa mlaji. Haina.

"Basi binti Kikoti, tatizo liko wapi?"

"Liko Lwangu, Mwenyekiti."

Lulandala alivua kofia, akaiweka mezani. Kisha akaanza kusema polepole, kama mtu anayetembea kwenye utelezi. Msimu mmoja tu, alisema. Tupande, Jicho lipite, tuandikwe hai, halafu mwakani utafute mbegu nyingine kwa nafasi. Huenda kule Lwangu usienee. Huenda mvua ikasafisha mfereji. Na ikitokea umeenea, wao wana misimu miwili ya akiba, sisi hatuna hata mmoja.

"Nani anajua habari hii?" aliuliza.

"Mimi na wewe."

"Basi funga mdomo msimu mmoja. Sikuombi kuua mtu."

Twilumba aliona jinsi ilivyokuwa rahisi, na hicho ndicho kilichomtisha. Hakutakiwa kufanya kitu. Alitakiwa kukaa tu, Jumamosi ifike, pakiti zigawiwe na mikono mingine. Alimfikiria mtoto wake Lusungu kwenye ghorofa ya ishirini. Alimfikiria dada yake akimwagilia viazi vilivyolala, akingoja viamke.

"Maji yanateremka, Mwenyekiti," alisema mwishowe. "Wao hawawezi kutugeuzia. Tukinyamaza sisi, hakuna mwingine wa kusema."

Lulandala alimwambia kwa upole kwamba akienda kutangaza peke yake watu watamwona amechanganyikiwa. Nani atakayeamini kwamba nyanya iliyokoza namna ile ni mgonjwa? Watasema Fundi amehongwa. Watasema anaringa na mbegu.

Hilo lilikuwa kweli, na Twilumba alirudi nalo nyumbani akiligeuza. Alikuwa bado na mashina themanini na moja hajayakata. Angeweza kuyakata yote mwenyewe, akapanga glasi mezani, na bado wangesema ameyatia kitu. Mtu huamini alichokishika. Hadi anapika chakula cha jioni alikwisha kuamua, na alipokwisha kuamua aliweza kula.

*

Mgowe wa Itunda una sheria moja isiyovunjwa tangu miaka ya maradhi: kila kaya huja na jembe lake na glasi yake. Hakuna kunywea chombo cha mwenzio. Jumamosi ile walikuja kaya zote themanini na sita, na watu wa Lwangu wapatao thelathini, Osmunda mbele yao, wakalima tangu umande haujakauka. Walilima kwa nyimbo na matusi ya utani. Lwangu waliwaambia Itunda kwamba wanalima kama wanaokuna mgongo. Ilipofika saa sita ardhi yote ya mbele ilikuwa matuta mazuri, meusi, tayari kwa mbegu. Sanduku la pakiti lilikuwa kwenye meza mbele ya kitalu, na Mwenyekiti pembeni yake.

Watu waliketi, wakatoa glasi wakingoja togwa. Twilumba akapita na ndoo, akamjazia kila mkuu wa kaya maji matupu.

Wakaguna. Akawaambia togwa ipo, itanyweka, lakini kwanza wamsaidie kazi moja. Akaingia kitaluni, akatoka na beseni la vipande vya mashina, kila kimoja na namba na uzi wake, na nyuso za wazee ziligeuka walipoona kisu kimewapitia waliosimama. Aliyeanza kusema alikuwa Gaudensia, mama mmoja asiyejua kumeza neno. Akauliza kama mwiko wa Mzee Kikoti umekufa naye. Twilumba akamjibu ndiyo, umekufa leo, na yeye bintiye ndiye aliyeuua, na kila mtu atazame glasi yake kabla ya kumlaani.

Akagawa. Gaudensia alipewa namba sitini na moja, ya mstari wa kulia, shina fupi lililopinda ambalo Twilumba mwenyewe alipanga kuling'oa, na akanung'unika kwamba hata kwenye mambo ya maji yeye hupewa kilema. Lulandala alipewa namba tisa, ya kushoto. Alikipokea kipande bila kumtazama Twilumba machoni, akaenda kusimama na glasi yake chini ya upenu wa ghala.

Wakangoja. Waliinama juu ya glasi zao. Kisha mtu mmoja akavuta pumzi, na mwingine, na mwingine, mstari mzima, kama moto unaokimbia kwenye nyasi. Walikuwa wakulima wote. Hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Mzee mmoja aliweka glasi yake chini taratibu, akajifunika uso kwa mikono.

Ndipo Twilumba akawaeleza, kwa maneno machache. Mmea unaobeba. Mizizi inayotema. Mfereji. Alipofika kwenye mfereji alisema jina la Lwangu mbele ya watu wa Lwangu, ambao mikono yao bado ilikuwa na udongo wa matuta ya Itunda. Osmunda aliinuka nusu, akaketi tena.

"Tumelima tangu asubuhi," alisema Osmunda, si kwa ukali. "Tumewalimia mbegu hii."

Watu wa Itunda waligeukia matuta. Lulandala alikuwa anatazama chini.

Twilumba akauliza kwa sauti kama kuna mwenye maji safi. Watu walitazamana. Akauliza mara ya pili. Gaudensia akainua glasi yake kwa mashaka, kana kwamba ameshikwa na kosa. Maji yake yalikuwa kama yalivyotoka chemchemini. Kile kilema namba sitini na moja kilikuwa kimening'inia mle bila kutoa hata tone. Kilikuwa kimedumaa kwa sababu kilikuwa kinapigana, na Fundi alikiona goigoi.

Twilumba alikipokea kwa mikono miwili. Lakini furaha yake ilikuwa nusu, na aliisema wazi. Huyu alikuwa wa mstari wa baba. Peke yake haleti chotara. Bila mama aliye safi, wana shina moja la porini lenye matunda ya punje, na siku thelathini na saba.

"Hakuna mwingine?" aliuliza. "Nawaomba mtazame vizuri. Hakuna?"

Walitazama. Walitikisa vichwa. Chini ya upenu, Mwenyekiti alikuwa amefunika glasi yake kwa kiganja.

Alikuwa ameyaona maji yake zamani. Ndiyo, na alikwisha kufanya hesabu, maana hakuwa mjinga. Akinyamaza, mama safi hapatikani. Mama asipopatikana, watu watalia kidogo, watatazama sanduku lile mezani, watatazama watoto wao, na kabla ya jua kuzama mtu mmoja atasema msimu mmoja tu. Hatakuwa yeye. Yeye atakuwa hajasema neno. Itunda itakuwa kijani. Na akisema, watategemea mashina mawili na sanduku la misimu, siku kumi na tisa kupata mbegu, kumi na nane miche itoe majani, na kama Jicho litayaona majani madogo kama kucha au halitayaona, Mungu ndiye ajuaye.

Osmunda alikuwa amekaa karibu naye, hatua tatu. Alikuwa anachokoa udongo kwenye kucha kwa kijiti. Udongo ule ulikuwa wa tuta la Lulandala mwenyewe, asubuhi alimwona akilima pale.

Lulandala aliondoa kiganja.

"Yangu pia," alisema. "Fundi. Yangu pia ni safi. Namba tisa."

Twilumba alikuja akaipokea glasi, akaiinua juani. Hapakuwa na uzi. Alimtazama Mwenyekiti, na Mwenyekiti safari hii alimtazama, na wote wawili walijua amekaa na glasi ile muda gani. Hakumwuliza. Wala hajamwuliza hadi leo.

Kazi ilikuwa nyingi, hawakuwa na siku ya kupoteza. Mashina themanini na manne yaling'olewa mchana ule ule na mizizi yake, yakachomwa mbali na maji, na watu wa Lwangu wakaziba mfereji kwa mawe na kuuchepusha. Pakiti za mbegu Lulandala alizitupa motoni mwenyewe. Zilikuwa themanini na sita, na alizitupa moja moja, hakukubali kusaidiwa.

Kitaluni yalibaki mashina mawili, mbalimbali, kila moja upande wake. Twilumba alinawa mikono kwa maziwa, akachukua kibanio, akainama kwenye ua la namba tisa ambalo lilikuwa halijafunguka. Osmunda alisimama mlangoni akimwangalia. Aling'oa vikonyo vya chavua, kimoja, kingine, mpaka sita, akapaka vumbi la manjano la kile kilema, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Uzi, dada."

Osmunda alinawa maziwa kwanza, kama walivyofundishwa wote wawili na baba yao. Kisha akampa ule mwekundu.